Mboji ya Pumba za Mpunga kutoka Buswelu: Tathmini ya Mnunuzi Baada ya Misimu Miwili

Anayelima bustani katika vilima vya Bwiru anafahamu kwamba jembe lake halishuki mbali kabla halijagonga jiwe. Udongo uliopo katikati ya miamba yetu ya Mwanza ni mwepesi na wa kichanga, na Wasukuma wameupa jina lake tangu zamani, luseni, wakiutofautisha na ule mweusi, mzito, wa mbugani. Maji unayomwagilia asubuhi huyaoni jioni. Kwa miaka mingi nimelima mchicha, chainizi, nyanya na bamia nyuma ya nyumba katika udongo wa namna hiyo, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikinunua samadi ya ng'ombe inayoletwa kwa toyo, samadi ambayo huja pamoja na mbegu za magugu yote ya malisho ilikotoka. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna familia huko Buswelu inayotengeneza mboji kwa pumba za mpunga, samadi na gugu maji, na kuiuza kwa viroba, nilikwenda nikiwa na matumaini makubwa. Tathmini hii inahusu ununuzi wa mara tatu katika msimu wa vuli na ule wa masika, na inagusa pia miche na vyombo vya kupandia vinavyouzwa hapohapo.

Mahali penyewe hapana bango. Watu hupaita kwa mama wa mboji, nami nilielekezwa hivyohivyo na dereva wa bodaboda. Ni kiwanja cha kawaida chenye uzio wa minyaa. Upande mmoja kuna kitalu cha miche chini ya kivuli cha nyasi, na upande wa pili kuna malundo manane marefu yaliyofunikwa kwa majani ya migomba. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hapakuwa na inzi wala uvundo, ingawa nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye shehena ya samadi na matandiko ya kuku. Mwenye bustani ni mama mtu mzima, nami nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanikaribisha kwenye kigoda, kisha akaniuliza nina udongo wa aina gani kabla hajaniuliza ninataka viroba vingapi. Kwa miaka yote niliyonunua pembejeo katika mji huu, hakuna muuzaji mwingine aliyeanza na swali hilo.

Ninaomba msomaji anivumilie nieleze kwa kirefu jinsi mboji hii inavyotengenezwa, kwa sababu uzuri wake na kasoro zake zote zimo humo. Katika kila kilo 100 za mpunga unaokobolewa, takribani kilo 20 ni pumba ngumu, yaani yale maganda ya nje, si pumba laini wanazolishwa kuku na nguruwe. Mashine za kukobolea za Magu, Misungwi na kwingineko Usukumani hutoa vilima vya maganda hayo kila baada ya mavuno. Sehemu huchukuliwa na wachoma tofali, sehemu huchukuliwa na wafugaji kwa ajili ya matandiko ya kuku, na zinazobaki huchomwa palepale kando ya mashine, zikafuka moshi usiku na mchana huku majirani wakikohoa. Hizo zinazobaki ndizo mama huyu alizoanza nazo. Wakati huo alipewa bure kwa sharti la kuziondoa mwenyewe, na sasa anazilipia kwa tripu ya gari, kwa kuwa waliokuwa wakizichoma wameona kwamba zina mteja.

Hata hivyo, ganda la mpunga ni kitu kigumu kuoza. Lina silika nyingi, ile madini inayofanya mchanga ung'ae, na lina kaboni nyingi kuliko vijidudu vya kuozesha vinavyoweza kuitumia bila kupata naitrojeni kutoka kwingine. Mama alinieleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe: "Pumba peke yake haziozi, mwanangu. Ukizirundika leo, mjukuu wako atazikuta." Kwa sababu hiyo huzichanganya na vitu vinavyooza upesi, na kinachopendwa zaidi hapo ni matandiko ya kuku, kwa kuwa ndani yake pumba na kinyesi vimekwisha kuchanganyika na pumba zimekwisha kulainika. Wataalamu wa mboji hulenga mchanganyiko wenye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Pale Buswelu hakuna anayekokotoa hesabu hiyo. Wao hupima kwa ndoo, ndoo tatu za pumba zilizolowekwa usiku kucha, ndoo mbili za matandiko ya kuku au samadi, na ndoo mbili za gugu maji lililonyauka na kukatwakatwa kwa panga, kisha hurudia tabaka hizo hadi lundo lifike usawa wa kifua.

Kuhusu gugu maji nilikuwa na wasiwasi, nami niliusema wazi. Mmea huo, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, umewasumbua wavuvi wa ziwa letu la Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila unapofunga mwalo, mitumbwi hushindwa kutoka na nyavu huharibika. Kuugeuza kuwa mbolea ni wazo zuri, lakini mizizi yake ina tabia ya kufyonza kila kilichomo majini, zikiwemo metali nzito zenye sumu, na ndiyo maana sehemu nyingine duniani hutumika kusafishia maji machafu. Gugu lililovunwa mahali ambapo Mto Mirongo unamwaga ziwani maji ya katikati ya jiji si kitu ambacho ningependa kukiweka chini ya mchicha wa wajukuu wangu. Mama hakukasirika. Alijibu kwamba lake huletwa na wavuvi wa upande wa Kayenze wanaposafisha mwalo wao, na kwamba mizizi hukatwa na kuachwa hukohuko juani. Nilirudi siku nyingine bila taarifa, nikakuta kijana wake akipokea mzigo, na kweli ulikuwa mashina na majani matupu. Ikumbukwe pia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu bichi ni maji, kwa hiyo kulinyausha kwanza kunapunguza gharama ya usafiri na kunalizuia lundo lisigeuke tope.

Zipo taka ambazo wanazikataa, na kukataa huko kuliniongezea imani. Mashina ya pamba hawayapokei kabisa, ingawa yamejaa tele mashambani baada ya mavuno, kwa sababu kanuni za zao hilo zinamtaka mkulima ang'oe na kuchoma masalia ili kuvunja mzunguko wa wadudu, hasa funza mwekundu. Ndago nazo hutupwa mbali. Vile vijiazi vyake vikipona mahali lundo lilipopoa, vitasafiri ndani ya kiroba hadi kwenye bustani ya mteja.

Nikaonyeshwa joto. Katikati ya kila lundo imechomekwa nondo ya urefu wa mita moja na nusu hivi, na kijana aliichomoa moja kutoka lundo la siku nane, akaniambia, "Mama, shika, lakini usikawie." Niliishika kwa kiganja nikaiachia papo hapo. Lundo lililojengwa vizuri hufikia nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi, na joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa, mradi lundo lipinduliwe ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Wao hulipindua kila baada ya wiki mbili, wakipima unyevu kwa kukamua konzi moja ya mchanganyiko: maji yakichuruzika umezidi, konzi ikimomonyoka umepungua, na matone mawili matatu yakitokeza kati ya vidole upo sawa. Baada ya miezi mitatu na nusu hadi minne, lundo lililokuwa usawa wa kifua limeshuka hadi usawa wa goti au juu yake kidogo, na ndipo huchekechwa na kujazwa kwenye viroba.

Ununuzi wangu wa kwanza, mwezi wa Septemba, ulikuwa wa viroba sita. Mboji ilikuwa nyeusi, imechambuka, ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa baada ya kiangazi, na pumba zilizobaki zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawa na kuvunjika kwa kubonyezwa na kucha. Niliweka madebe mawili katika kila tuta la mita moja kwa mita tano, nikaichanganya na udongo wa juu kwa kina cha kiganja, na kuacha tuta moja bila mboji ili nilinganishe. Mvua za kwanza za vuli ziliponyesha kisha zikakatika kwa siku tisa, tofauti ilionekana bila kutafutwa. Tuta lisilo na mboji lilihitaji kumwagiliwa asubuhi na jioni, na bado chainizi zilinywea saa sita mchana. Matuta yenye mboji niliyamwagilia mara moja kwa siku na majani yakabaki yamesimama. Magugu yalikuwa machache sana kuliko niliyoyazoea kwenye samadi mbichi, na palizi ya kwanza ilinichukua asubuhi moja badala ya siku mbili. Kwa anayelima kwenye luseni, uwezo huo wa kushika maji peke yake unatosha kuhalalisha bei.

Ununuzi wa pili ulikuwa mbaya, na sina budi kuueleza kama ulivyokuwa. Ilikuwa katikati ya Oktoba, wateja wamejaa, kila mtu anataka kupanda. Nililetewa viroba vinne nyumbani, na nilipofungua cha kwanza na kuzamisha mkono, niliona fukuto hadi kwenye kifundo. Pumba zilikuwa bado za rangi ya dhahabu, ngumu, zinachoma vidole. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake, kwa kuwa miche yangu ilikuwa tayari na mvua imekaribia, niliitumia. Siku ya kumi majani ya chini ya chainizi yalianza kugeuka manjano, siku ya kumi na tano tuta zima lilikuwa limepauka, na miche zaidi ya nusu ilidumaa moja kwa moja. Kilichotokea kinaeleweka: mboji isiyoiva inapoingia ardhini, vijidudu huendelea na kazi ya kuozesha pumba, na kwa kuwa pumba hazina naitrojeni ya kutosha, huichukua ile iliyokuwa ya mmea. Mnunuzi anakuwa amelipa fedha kwa kitu kinachomnyang'anya mimea yake chakula.

Nilirudi Buswelu na mche mmoja uliong'olewa na udongo wake, nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Hayakuwepo. Mama aliutazama mche, akanusa udongo, akamwita kijana wake na kumuuliza mbele yangu viroba vile vilitoka lundo gani. Ikabainika vilitoka lundo la wiki sita, lililochekechwa haraka kwa sababu yaliyoiva yalikuwa yamekwisha. Alinirudishia fedha za viroba vyote vinne na kunipa vingine viwili kutoka lundo kongwe. "Nimekuuzia haraka yangu, mwanangu, unisamehe," alisema. Ninaithamini kauli hiyo, na ninaithamini zaidi fidia iliyofuatana nayo, lakini haifuti ukweli kwamba msimu wangu wa chainizi ulipotea na kwamba wateja wengine wa wiki ileile huenda hawakurudi kulalamika, wakaamini tu kwamba mboji haifai. Biashara ya mboji inauza muda. Pumba zipo, samadi ipo, gugu linajileta lenyewe ufukweni. Anachonunua mteja ni ile miezi minne ya kupindua na kungoja ambayo yeye hana nafasi wala nguvu ya kuifanya. Siku muuzaji anapoikata miezi hiyo, kilichobaki ndani ya kiroba ni taka iliyochekechwa.

Ununuzi wa tatu, kabla ya masika, ulinionyesha kwamba funzo limeingia. Kila kiroba sasa kina tarehe mbili zilizoandikwa kwa kalamu nzito: siku lundo lilipojengwa na siku lilipochekechwa. Kwangu mimi tarehe hizo mbili ni bora kuliko picha yoyote ya majani mabichi ambayo ingeweza kuchapishwa hapo. Hata hivyo niliijaribu mboji mwenyewe kabla ya kupanda, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo. Nilijaza mboji kwenye kikopo kimoja, na udongo wa bustani kwenye kingine, nikapanda mbegu ishirini za mchicha katika kila kimoja. Zikiota sawasawa na majani yakabaki ya kijani kwa wiki mbili, mboji imeiva. Zangu ziliota kumi na nane kwenye mboji na kumi na sita kwenye udongo.

Bei ni shilingi 6,000 kwa kiroba cha kilo 25, na anayekuja na viroba vyake hupunguziwa 500. Toyo hadi Bwiru ilinigharimu 8,000 kwa mzigo wowote, kwa hiyo haina maana kuagiza kiroba kimoja. Majirani watatu tukiungana, gharama inakuwa ya kawaida. Ukilinganisha na samadi mbichi, mboji hii ni ghali karibu mara tatu kwa uzito, na sitaki kumficha msomaji jambo hilo.

Hapa pana dai moja ambalo ninalipinga. Kijana anayehudumia wateja huwaambia kwamba atakayetumia mboji yao hatahitaji mbolea nyingine yoyote. Kwa mchicha na chainizi katika matuta machache, huenda ikawa kweli. Kwa nyanya zinazobeba sana, si kweli. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba asilimia 1 ya uzito wa mboji ni naitrojeni, kiroba cha kilo 25 kinabeba gramu 250 tu, na nyingi kati ya hizo hutoka polepole kwa misimu kadhaa. Urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, inatoa kiasi hichohicho kwa nusu kilo na kidogo juu yake. Mboji inajenga udongo, inashika maji na kulisha viumbe vya ardhini, kazi ambazo urea haiwezi kabisa, na ndiyo sababu ninainunua. Lakini mkulima wa nyanya anayeambiwa aache kila kitu kingine ataona maua yakipukutika mwezi wa pili baada ya kupanda, naye ataisema vibaya mboji kwa kosa la maneno ya muuzaji.

Miche ni mizuri na ninaipendekeza bila masharti. Inakuzwa katika mchanganyiko wa mboji, udongo na mchanga, na badala ya viriba vya plastiki hutumiwa vikombe vilivyosukwa kwa magome makavu ya migomba, vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Unapanda kikombe kizima ardhini bila kuugusa mzizi. Mipapai mitatu niliyoinunua haikunyauka hata siku moja baada ya kuhamishwa. Vikombe hivyo vina udhaifu mmoja, kwamba huanza kuoza vikikaa kitaluni zaidi ya wiki sita, kwa hiyo chagua vile ambavyo kitako chake bado ni kigumu. Wanauza pia pumba zilizochomwa hadi kuwa mkaa mweusi badala ya majivu, kwa kuzichoma polepole kuzunguka bomba la bati lenye matundu na kuzizima kwa maji mapema. Nimeutumia mkaa huo kidogo tu kwenye vitalu vya mbegu, ambako unafanya udongo uwe mwepesi, na sina zaidi la kusema juu yake kwa sasa.

Liko jambo ninaloliona kuwa la lazima ikiwa biashara hii inataka kuvuka uzio wa minyaa na kuingia madukani. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 imeweka udhibiti wa mbolea zinazouzwa nchini chini ya mamlaka inayojulikana kama TFRA, na mboji inayouzwa kwa viroba ni mbolea kama nyingine. Ndani ya mtaa, uaminifu wa mama na tarehe za kalamu vinatosha. Duka la pembejeo la mjini litadai usajili, vipimo vya maabara na lebo inayoonyesha kilichomo. Kipimo hichohicho kingemaliza pia swali langu la metali nzito, ambalo hadi sasa limejibiwa kwa macho yangu na maneno yake tu. Nilimweleza hivyo, akasema amekwisha kuanza kuulizia gharama kwa bwana shamba wa kata.

Wanafungua siku zote isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na wanapokea fedha taslimu na malipo ya simu. Anayehitaji mboji ya vuli asisubiri Oktoba. Aende Agosti, aombe kuonyeshwa lundo, asome tarehe, achomeke mkono ndani ya kiroba na kuona kama kimepoa. Mimi nimekwisha kulipia viroba kumi vya vuli ijayo, kutoka lundo la tatu ukihesabu kuanzia langoni, lililopinduliwa kwa mara ya pili nikiwa nimesimama pale na kushika nondo yake.